Nani amwondoe Rais: Bunge, majaji au wapiga kura?

Watu wakipewa rasimu ya katiba waijadili, hubishana mpaka jua linazama: ardhi, dini, mipaka ya majimbo, mishahara ya wabunge. Wakifika kwenye kifungu cha kumwondoa Rais kabla ya muda wake, mtu mmoja husema "tuweke theluthi mbili ya wabunge", wenzake wanaitikia, ukurasa unafunuliwa. Theluthi mbili ina sauti ya kitu kizito. Nani atabisha?

Sasa tazama. Tarehe 13 Februari 2021, maseneta 57 kati ya 100 nchini Marekani walimwona Donald Trump ana hatia ya kuchochea uasi. Akaachiwa, kwa kuwa zilihitajika kura 67. Juni 2012 nchini Paraguai, Rais Fernando Lugo alishtakiwa siku ya Alhamisi na kuondolewa Ijumaa, Seneti ikipiga kura 39 kwa 4 baada ya mawakili wake kupewa saa mbili za kumtetea. Nchi zote mbili sheria ilidai theluthi mbili. Kilichotofautiana ni vyama. Warepublican wengi walisimama na mtu wao. Kule Paraguai, Waliberali waliokuwa washirika wa Lugo walimgeuka, na makamu wake Federico Franco, mwanachama wa chama hichohicho cha Kiliberali, akaapishwa siku ileile.

Kwa hiyo swali la idadi ya kura ni dogo kuliko linavyoonekana. Kubwa ni nani anazipiga, na akizipiga kinyume na wenzake yatamkuta nini. Njia zinazotumika duniani ziko nyingi, ila ukizikusanya zinaangukia kwenye mafungu manne, na hayo ndiyo ninayoyaweka mezani hapa kwa anayesitasita.

Vipimo

Kila njia nitaipitisha kwenye mambo manne yaleyale.

Mlango: nani anaweza kuanzisha, kwa kura ngapi, na kwa kosa gani.

Hakimu: nani anatoa neno la mwisho, na ugali wake unatoka kwa nani.

Muda: shauri linachukua siku ngapi, na katikati ya hapo nchi inashikwa na nani.

Gharama ya kuasi: anayepiga kura kinyume na chama chake anapoteza nini kesho yake. Hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote, na utaona nakirudia.

Sikuweka kipimo cha "haki", maana kila mfumo unadai ni wa haki, na kila anayeng'olewa anadai kaonewa.

Njia ya kwanza: Bunge lishtaki, Bunge lihukumu

Mlango. Huu ni mfumo wa Marekani tangu katiba yake ya 1787, na wengi wameuiga kwa kubadilisha hapa na pale. Baraza la Wawakilishi hushtaki kwa wingi wa kawaida wa kura, kisha Seneti huendesha kesi. Makosa yanayotajwa ni uhaini, hongo na makosa mengine makubwa. Hayo ya mwisho katiba haikuyafafanua, basi yanakuwa makubwa au madogo kutegemea chama gani kina wingi mwaka huo. Brazili mlango ni mzito zaidi, kwani baraza la chini lenyewe linahitaji theluthi mbili. Kenya, kwa Ibara ya 145, theluthi moja ya wabunge huleta hoja, theluthi mbili huipitisha, kisha Seneti nayo itafute theluthi mbili yake.

Hakimu. Seneta anayeketi kama jaji ana chama, ana kiranja wa chama anayemhesabu, na ana uchaguzi unaomsubiri. Ni kesi ya nyani iliyopelekwa kwa ngedere. Alexander Hamilton, mmoja wa watetezi wakubwa wa katiba ile, aliiona hatari mapema: mwaka 1788 aliandika kwamba kinachotisha katika kesi hizi ni uamuzi kufuata nguvu za makundi kuliko ushahidi. Aliliona shimo na bado akautetea mfumo, kwa kuwa hakuona chombo kingine chenye ubavu wa kumhukumu mkuu wa nchi.

Hesabu zilizofuata zinampa ukweli wake. Mwaka 1868 Andrew Johnson aliponea kwa kura moja, 35 kwa 19 ilhali zilihitajika 36, kwa sababu Warepublican saba walikataa kwenda na wenzao. Mwaka 1999 hakuna hata seneta mmoja wa Democratic, chama cha Bill Clinton, aliyemtia hatiani. Mwaka 2020 Mitt Romney akawa seneta wa kwanza katika historia ya nchi hiyo kupiga kura ya kumtia hatiani Rais wa chama chake mwenyewe. Richard Nixon hakufika Seneti kabisa. Alijiuzulu Agosti 1974 baada ya vigogo wa chama chake kwenda Ikulu kumweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo. Watu husema kisa cha Nixon kinaonyesha mfumo ulifanya kazi. Mimi nakisoma hivi: mfumo ulifanya kazi siku chama chake kilipochoka naye.

Muda. Unaweza kuwa mfupi sana, na hilo ni zuri na baya. Marekani Rais hubaki kazini wakati kesi inaendelea. Brazili husimamishwa kwa hadi siku 180 na makamu hushika usukani, jambo linalompa makamu sababu nzuri sana ya kutaka kesi iende vizuri. Dilma Rousseff alisimamishwa Mei 2016 na kuondolewa tarehe 31 Agosti kwa kura 61 kwa 20, na aliyekalia kiti chake ni makamu wake Michel Temer, ambaye chama chake kilikuwa kimejitoa kwenye muungano wa serikali mwezi Machi.

Gharama ya kuasi. Hapa ndipo mfumo huu unapovuja. Kura ni ya wazi, jina kwa jina. Wabunge 10 wa Republican waliopiga kura ya kumshtaki Trump Januari 2021 walifika uchaguzi wa 2022 hivi: wanne hawakugombea tena, wanne waliangushwa kwenye mchujo wa kupata wagombea, wawili tu walirudi bungeni. Hao wawili walitoka California na Washington, majimbo ambayo mchujo wake huweka wagombea wa vyama vyote kwenye karatasi moja na kila mpiga kura akachagua, kwa hiyo wakereketwa wa chama hawakuwa peke yao chumbani. Tusilipambe kupita kiasi, kwani mmoja wa wale wanne walioangushwa naye alitoka Washington. Hata hivyo unaona uzi unavyokwenda: kesi ya Rais iliamuliwa kwa sehemu na kanuni za mchujo ambazo hakuna mtu anazikumbuka anapoandika kifungu cha kumwondoa Rais.

Kuna pia upande wa pili wa kura ya wazi. Jumapili ya tarehe 17 Aprili 2016, wabunge wa Brazili walipita mmoja mmoja kwenye kipaza sauti, televisheni ikirusha moja kwa moja, kuamua kama Rousseff ashtakiwe. Mashtaka yalihusu hesabu za bajeti na malipo yaliyocheleweshwa kwa benki za serikali. Wengi hawakuyagusa. Huyu aliitoa kura yake kwa Mungu, yule kwa mke na watoto, mwingine kwa mji aliozaliwa. Matokeo yalikuwa 367 kwa 137. Ukiisikiliza kesi kwa namna ile, unajiuliza kama kuna aliyesoma jalada.

Karibu zaidi na nyumbani, Oktoba 2024, Kenya ilimwondoa naibu wa rais, Rigathi Gachagua, kwa utaratibu unaofanana na huo. Wabunge 281 waliunga mkono, 44 wakapinga, kisha Seneti ikamkuta na hatia kwenye mashtaka 5 kati ya 11. Siku ya kujitetea alikuwa hospitali, na Seneti ikaendelea bila yeye. Usome mashtaka utakavyo, lakini wakubwa wa upande wa serikali na wa upinzani wakishakubaliana, theluthi mbili haichukui hata mwezi kupatikana.

Inafaa wapi. Inafaa nchi ambayo Rais ndiye anayeteua majaji na hakuna anayewaamini, na ambayo mabaraza mawili yanachaguliwa kwa njia tofauti kiasi kwamba chama kimoja hakiyashiki yote kirahisi. Inafaa pia pale ambapo wabunge wana nguvu zao wenyewe majimboni na hawategemei jina la kiongozi kurudi bungeni. Bunge likiwa la chama kimoja tupu, njia hii ni pambo la katiba.

Njia ya pili: Bunge lishtaki, majaji wahukumu

Mlango. Mfano ulio hai kuliko yote ni Korea Kusini. Wabunge 200 kati ya 300 wakikubali, Rais anasimamishwa papo hapo. Kosa lazima liwe uvunjaji wa katiba au sheria. Na kura ni ya siri.

Hakimu. Mahakama ya Katiba yenye majaji tisa. Watatu hupendekezwa na Rais, watatu na Bunge, watatu na Jaji Mkuu, na lazima wasiopungua sita wakubaliane kumwondoa. Tofauti yake kubwa na Seneti ni kwamba majaji hawa wanaandika sababu. Seneta anasema "ana hatia" au "hana hatia" na kukaa chini. Jaji analazimika kueleza kurasa kwa kurasa kwa nini kosa hili linatosha na lile halitoshi, na hata aliyeshindwa anabaki na kitu cha kubishana nacho.

Mwaka 2004 Bunge lilimshtaki Roh Moo-hyun kwa kura 193 kwa 2, kisa kikubwa kikiwa matamshi yake ya kukipigia debe chama kilichomuunga mkono kabla ya uchaguzi wa wabunge. Mahakama ikasema ndiyo, amevunja sheria, lakini kosa halina uzito wa kumwondoa mtu aliyechaguliwa na wananchi. Akarudi kazini. Katikati ya kesi, wapiga kura walikuwa wameshatoa hukumu yao: kwenye uchaguzi wa Aprili mwaka huo chama hicho kilipata viti 152 kati ya 299. Naikumbuka kesi hii kila ninaposikia mtu akisema majaji watamaliza tu kile wanasiasa walichoanza. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo ilimwondoa Park Geun-hye kwa sauti moja, majaji wanane kwa sifuri. Na tarehe 4 Aprili 2025 ikamwondoa Yoon Suk Yeol, nane kwa sifuri tena, kwa ile amri yake ya kuweka sheria ya kijeshi usiku wa Desemba 3, 2024.

Muda. Mahakama ina siku 180. Kwa Roh ilitumia 63, kwa Park 91, kwa Yoon 111. Waziri Mkuu anakaimu. Rais akiondolewa, uchaguzi unafanyika ndani ya siku 60, na hili ni jambo dogo kwenye karatasi lakini kubwa kwenye siasa: hakuna makamu anayekirithi kiti kwa miaka miwili mitatu iliyobaki. Anayetaka kiti itambidi akaombe kura.

Gharama ya kuasi. Ni ndogo kuliko Marekani, kwa sababu ya ule usiri. Park alishtakiwa kwa kura 234, na kwa kuwa nje ya chama chake walikuwepo wabunge 172, maana yake wasiopungua 62 wa chama tawala walimwacha. Yoon alishtakiwa kwa kura 204 huku upande wa upinzani ukiwa na 192. Wapo 12 wa kwake waliompigia kura ya kumng'oa. Wachache walikuwa wameshajitangaza. Wengine karatasi zao zilikwenda sandukuni bila jina.

Lakini ushabiki ukifungiwa mlango hutafuta dirisha, na Korea Kusini ulipitia kwenye uteuzi. Wakati kesi ya Yoon inaanza, mahakama ilikuwa na majaji sita tu, kwani watatu walikuwa wamestaafu Oktoba na vyama vilikuwa vinavutana kuhusu nani ajaze nafasi zao. Kaimu Rais, Han Duck-soo, akakataa kuwaapisha walioteuliwa na Bunge. Bunge likamshtaki naye tarehe 27 Desemba, kwa kura 192. Aliyekaimu baada yake akateua wawili kati ya watatu, ndipo wakafika wanane. Miezi mitatu baadaye mahakama ikamrudisha Han kazini. Kwa wiki kadhaa, hatima ya Rais ilitegemea nani atie saini barua za uteuzi.

Ziko pia nchi zinazochanganya. Tanzania, kwa Ibara ya 46A, taarifa ya kutaka Rais ashtakiwe inahitaji saini za asilimia 20 ya wabunge wote, impate Spika siku 30 kabla, na Bunge likikubali kwa theluthi mbili inaundwa Kamati Maalumu ya Uchunguzi ikiongozwa na Jaji Mkuu, akiwemo Jaji Mkuu wa Zanzibar na wajumbe saba wa kuteuliwa na Spika. Kamati ikileta taarifa, neno la mwisho linarudi kwa wabunge, theluthi mbili tena. Uganda, Ibara ya 107, majaji watatu wa Mahakama ya Juu huchunguza, kisha Bunge huamua. Hapo majaji wanakupa ushahidi uliochambuliwa, ila hawana meno. Mbunge anaweza kusoma taarifa nzima na bado akafuata msimamo wa chama.

Inafaa wapi. Inafaa nchi ambayo uteuzi wa majaji umegawanywa kweli kati ya mikono mingi, na ambayo wananchi huikubali hukumu hata ikiwaumiza. Haifai kabisa pale Rais anapoteua, anapandisha vyeo na anajua tarehe ya kustaafu ya kila jaji.

Njia ya tatu: wananchi wenyewe

Mlango. Romania, theluthi moja ya wabunge huanzisha, Bunge na Seneti wakiketi pamoja humsimamisha Rais kwa wingi wa kawaida, na ndani ya siku 30 inaitishwa kura ya maoni. Venezuela, katiba ya 1999 inampa mwananchi mlango wake mwenyewe: nusu ya muhula ikipita, saini za asilimia 20 ya wapiga kura zinatosha kudai kura ya kumrudisha Rais nyumbani.

Hakimu. Yule yule aliyempa kazi. Ni hoja yenye mantiki isiyopingika kirahisi: aliyeajiri ndiye afukuze. Na wananchi huwa na akili zao. Mwaka 2007 Bunge la Romania lilimsimamisha Traian Băsescu kwa kura 322 kwa 108, wingi wa kutisha. Mwezi mmoja baadaye karibu robo tatu ya waliopiga kura wakasema abaki. Ule ushindi wa bungeni ulikuwa wa wanasiasa peke yao.

Muda. Romania ni mfupi. Venezuela ni safari: saini zinakusanywa, zinahakikiwa, zinakataliwa, zinakusanywa tena. Kura ya Hugo Chávez ilifanyika Agosti 2004, akabaki kwa takriban asilimia 59. Mwaka 2016 wapinzani walipotaka kuitumia njia ileile kwa Nicolás Maduro, tume ya uchaguzi iliusimamisha mchakato mwezi Oktoba na hawakufika kwenye sanduku.

Gharama ya kuasi. Watu hudhani hapa haipo, maana mwananchi hana kiranja. Ipo, imehama tu. Saini za Venezuela zilikuwa na majina na namba za vitambulisho, na mbunge Luis Tascón wa upande wa Chávez akaiweka orodha ya waliosaini hadharani. Yakafuata malalamiko mengi ya watu kunyimwa kazi na huduma za serikali kwa kuwa jina lao limo. Mbunge akikiasi chama anapoteza kiti. Hawa ni walimu, makarani na wauguzi, na walikuwa wamesaini fomu iliyo halali kikatiba.

Mtego wa pili ni akidi. Julai 2012 Băsescu alipelekwa tena kwa wananchi. Karibu kura tisa katika kila kumi zilisema aondoke. Hakuondoka, kwa sababu waliojitokeza walikuwa asilimia 46 na sheria ilidai zaidi ya nusu ya walioandikishwa. Yeye na chama chake walikuwa wamewaambia wafuasi wabaki nyumbani. Ukiweka akidi ya mahudhurio, umempa Rais njia ya kushinda bila kupata kura hata moja, na tena umeifichua kura ya siri, kwani jirani akikuona unakwenda kituoni anajua unakwenda kusema nini.

Inafaa wapi. Inafaa pale mgogoro ulipo kati ya Rais na Bunge, wote wawili wakidai wananchi wako nyuma yao. Inahitaji tume ya uchaguzi inayoaminika na hifadhi ya kweli ya majina ya waliosaini. Na kama malalamiko ni ya kisheria, mathalani wizi au uvunjaji wa katiba, kura ya watu wengi haisemi kama mtu ameiba au hakuiba. Inasema kama wanampenda.

Njia ya nne: kura ya kutokuwa na imani

Hii nitaipitia kwa kifupi, kwani kwa kawaida ni ya nchi za Waziri Mkuu. Afrika Kusini wanayo kwa Rais kwa kuwa Rais wao huchaguliwa na Bunge. Mlango ni wingi wa kawaida, kura 201 kati ya 400, na hakuna haja ya kuthibitisha kosa. Hakimu ni wabunge walewale. Muda ni siku moja.

Gharama ya kuasi ndiyo iliyofika mahakamani. Mwaka 2017 chama kimoja cha upinzani kiliuliza kama kura dhidi ya Jacob Zuma inaweza kuwa ya siri, Mahakama ya Katiba ikajibu kwamba Spika anayo mamlaka ya kuamua hivyo. Spika akaamua iwe ya siri. Tarehe 8 Agosti zikapatikana kura 177 za kumwondoa, 198 za kumbakiza. Upinzani wote ulikuwa na viti 151, kwa hiyo wasiopungua 26 wa ANC walimpinga kiongozi wao gizani. Hakuanguka siku ile, lakini hesabu ilikuwa imeonekana. Februari 2018 chama chenyewe kikamwita, akajiuzulu.

Tahadhari ni Peru. Huko Rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, lakini Bunge lililokuwa na wabunge 130 liliweza kumwondoa kwa kura 87 kwa "kutoweza kimaadili", maneno yanayonyooshwa kama mpira. Mwaka 2018 Pedro Pablo Kuczynski alijiuzulu siku moja kabla ya kura. Martín Vizcarra akaondolewa Novemba 2020, aliyemfuata akadumu siku tano maandamano yakamtoa. Pedro Castillo akaondolewa Desemba 2022, saa chache baada ya kutangaza kulivunja Bunge. Dina Boluarte akaondolewa Oktoba 2025. Peru haisumbuliwi na vyama vyenye nguvu mno. Vyama vyake ni dhaifu, vingi, na Rais mara nyingi anaingia Ikulu bila jeshi la wabunge nyuma yake. Anayedhani ushabiki wa vyama ndio ugonjwa pekee aitazame nchi hiyo.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Kama chama kimoja kina zaidi ya theluthi mbili ya viti, na kitaendelea kuwa nazo, usipoteze wino kwenye idadi. Kinachoweza kumgusa Rais hapo ni wabunge wa chama chake mwenyewe, na hao hawatathubutu kwa kura ya wazi. Tafuta usiri wa kura, na uchunguzi wa majaji unaochapishwa hadharani hata kama hauna meno.

Kama vyama viwili vinalingana na vinachukiana, njia ya kwanza itakupa mashtaka mengi yasiyofika popote. Marekani ilimshtaki Rais mmoja mara mbili ndani ya miezi 13 na mara zote akaachiwa. Njia ya pili inafaa zaidi, ila anza na kifungu cha uteuzi wa majaji kabla ya kufika kwa Rais. Andika pia kinachotokea kama viti vya mahakama viko wazi siku kesi inapoanza. Wakorea walilijua pengo hilo wakiwa katikati ya mto.

Kama Bunge lina vyama kumi na viwili vidogo na Rais ana viti vichache, epuka lugha ya kosa iliyo legevu. Dai kosa linalotajika kisheria, na mahakama ya kulithibitisha.

Kama mna makamu wa Rais kutoka chama kingine, au kundi jingine ndani ya chama kilekile, jiulizeni kwanza nani anarithi. Uchaguzi ndani ya siku 60 unapunguza tamaa nyingi, lakini unagharimu fedha na utulivu, na nchi iliyotoka kwenye vurugu huenda isimudu.

Kama imani kwa Bunge na kwa mahakama imekwisha kabisa, wapelekeeni wananchi, bila akidi ya mahudhurio au kwa akidi ya kura za "ndiyo" peke yake, na orodha ya saini ifungwe kwa sheria yenye adhabu.

Kuhusu kura ya siri, anayeipinga ana hoja. Mpiga kura ana haki ya kujua mbunge wake alifanya nini, na gizani hongo nayo hupita. Nimeshaona watu wenye akili wakigawanyika hapa na sidhani watapatana. Ila ukiamua iwe siri, iandike mpaka mwisho. Tarehe 7 Desemba 2024, kwenye jaribio la kwanza la kumshtaki Yoon, kura ilikuwa ya siri kama kawaida. Chama chake kikawatoa wabunge ukumbini. Kwa kuwa sheria ilidai kura 200 za wabunge wote, asiyepiga alikuwa sawa na aliyekataa, na yeyote ambaye angebaki kwenye kiti chake angejulikana kwa sura kabla hajashika karatasi. Kati ya wabunge 108 wa chama hicho, watatu tu walipiga kura. Sanduku likawa na karatasi 195, chini ya kiwango, na hazikuhesabiwa. Wiki iliyofuata chama kiliwaruhusu waingie, na wale 12 wakapatikana.